Programu ya amri umeshaiweka, mbona haifanyi kazi? Hatua zilizobaki kwa muuzaji wa mtandaoni

Wa Ngamiani, Makorora na Chumbageni, wa Pangani na Muheza, na nyie wa Mkinga mpaka Horohoro, leo tuna somo la kila anayeuza kwa kutumia picha.

Iko hivi. Unasikia kuna programu ya bure inayopunguza ukubwa wa picha mia moja kwa mstari mmoja tu wa maandishi. Unaipakua, unaiweka kwenye simu. Ukiifungua unakutana na skrini nyeusi, alama ya dola na kimstari kinachowaka na kuzima. Hakuna kitufe, hakuna menyu. Unaandika ulichoambiwa, inakujibu Kiingereza. Unaandika tena, jibu lile lile. Mwisho unaifuta, unarudi kupunguza picha moja moja mpaka usiku wa manane.

Mara nyingi programu haina ubovu wowote. Shida ni kwamba kazi ya kuiweka imeishia katikati. Programu za kubonyeza zinajimalizia zenyewe: zinaomba ruhusa, zinajiweka kwenye skrini, zinakuonyesha pa kuanzia. Programu za amri zinakuachia wewe hatua chache za mwisho. Usipozifanya, ni kama umenunua jiko la gesi ukalipeleka nyumbani bila kufunga mpira kwenye mtungi. Jiko lipo, gesi ipo, ila chai hutakunywa.

Leo tunamalizia hizo hatua. Tutatumia Termux kwa wenye simu za Android, na ImageMagick kwa kazi yenyewe ya picha. Wa laptopu nao wana sehemu yao hapo chini.

FAIDA IKO WAPI?

Chukulia unauza khanga na vitenge. Una bidhaa 40, kila moja umeipiga picha 3. Hizo ni picha 120. Simu nyingi za siku hizi zinatoa picha ya MB 3 mpaka 5. Tukichukua MB 4, picha 120 ni MB 480. Ukizipunguza mpaka upana wa pikseli 1080, picha moja inaweza kushuka mpaka karibu MB 0.2, na zote 120 zikawa kama MB 24. Tofauti hiyo unaiona kwenye bando lako na kwenye nafasi ya simu.

Tuseme ukweli pia. Ukituma picha ya kawaida WhatsApp, WhatsApp yenyewe inaipunguza. Faida kubwa utaipata pale unapotuma picha kama dokumenti ili zisipoteze ubora, unapozipandisha kwenye tovuti ya soko au Google Drive, unapomtumia mtu wa matangazo kwa barua pepe, na unapotaka kuhifadhi picha za mzigo wote bila kujaza simu.

Kuna faida ya pili ambayo wengi hawaijui. Kama kamera yako imewashwa kipengele cha mahali, kila picha inabeba ndani yake vipimo vya ramani vya sehemu ulipopigia. Ukiituma kama dokumenti, vipimo hivyo vinakwenda nayo. Wewe unayeuzia nyumbani, ukampigia picha mkufu wa dhahabu juu ya kitanda chako, unaweza kuwa umemwonyesha mtu usiyemjua nyumba yako ilipo. Amri tutakayotumia leo inafuta hayo yote.

USIOGOPE SKRINI NYEUSI

Amri si kitu kigeni kwetu. Tangu M-Pesa iingie Tanzania mwaka 2008, tumekuwa tukiandika *150*00# kutuma na kupokea pesa. Hiyo ni amri. Ukisahau nyota moja au alama ya reli mwishoni, haifanyi kazi, na hakuna anayesema simu imeharibika. Unaandika tena vizuri.

Hii ni hivyo hivyo. Unaandika neno, unabonyeza Enter, inafanya, inakujibu. Tofauti ni kwamba hapa nafasi kati ya maneno ina maana, na herufi kubwa na ndogo zina maana.

Kanuni moja tu ishike kabla hatujaanza: SOMA MISTARI YA MWISHO. Programu ya amri ikimaliza kujiweka inamwaga maandishi mengi. Hayo ya katikati yaache yapite. Ila mistari mitatu minne ya mwisho ndiyo inakwambia imefanikiwa au imekwama, na mara nyingi inakutajia amri inayofuata. Watu wengi wanakwama hapa kwa sababu wanafunga skrini mara tu wanapoona maandishi yamesimama.

HATUA YA 1: HAKIKISHA TERMUX YAKO IMETOKA MAHALI SAHIHI

Kwa miaka kadhaa Termux iliyokuwa Play Store haikupata masasisho. Waliokuwa nayo walikuwa wakiambiwa vifurushi havipatikani hata wakiandika kila kitu sawasawa. Wenye Termux wenyewe wanaelekeza watu kuichukua F-Droid au GitHub. Kwa sisi rahisi ni F-Droid, tovuti yake ni f-droid.org. Simu itakuuliza kama unaruhusu kuweka programu kutoka nje ya Play Store. Ruhusu kwa ajili ya hiyo, ukimaliza rudi uizime.

Simu yako iwe Android 7 au zaidi.

Kama tayari una Termux ya zamani, ifute kwanza kabla ya kuweka ya F-Droid, maana hizo mbili hazikubali kupandana. Na jihadhari: ukifuta Termux, kila faili ulilohifadhi ndani yake linaondoka nalo. Kwa hiyo picha za biashara zisikae ndani ya Termux, zikae kwenye folda za kawaida za simu.

HATUA YA 2: ISASISHE

Fungua Termux, andika:

pkg update

Enter. Ikimaliza, andika:

pkg upgrade

Itakuuliza kama uendelee, andika y kisha Enter. Inaweza kukuuliza tena katikati kuhusu faili fulani la mipangilio, ikikupa herufi nyingi za kuchagua. Bonyeza Enter tu, itachukua jibu lake la kawaida. Usifunge simu hapo katikati na usidhani imeganda. Kama mtandao ni wa taratibu, subiri.

Ikilalamika kwamba haiwezi kufikia hazina ya vifurushi, andika termux-change-repo, chagua hazina nyingine kwenye orodha, kisha rudia pkg update.

Wengi wanaruka hatua hii kwa kuogopa bando. Ukiiruka, unaweza kupata programu ambayo haiendani na nyingine zilizomo, halafu inagoma kufunguka kabisa. Fanya ukiwa kwenye wifi, au nunua bando la usiku.

HATUA YA 3: IPE RUHUSA YA KUONA PICHA ZAKO

Hapa ndipo wanapokwama watu kuliko kote. Termux inakaa kwenye chumba chake peke yake. Haioni Gallery yako mpaka uifungulie mlango. Andika:

termux-setup-storage

Kitatokea kidirisha cha kuomba ruhusa. Kubali. Kisha hakikisha kwa kuandika:

ls ~/storage

Neno ls ni la kuomba orodha ya vilivyomo. Ukiona majina kama dcim, downloads, pictures na shared, mlango umefunguka.

Kama uliruhusu lakini bado inasema Permission denied, hasa kwenye Android 11 na kuendelea, nenda Mipangilio ya simu, sehemu ya Programu, tafuta Termux, ingia kwenye Ruhusa, iondolee ruhusa ya mafaili, halafu irudishie tena. Baada ya hapo rudia amri ya juu. Inaonekana kama mchezo wa kitoto lakini ndiyo dawa yake.

HATUA YA 4: WEKA IMAGEMAGICK, KISHA UIULIZE KAMA IPO

ImageMagick si programu ya juzi. Ilianza kutengenezwa mwaka 1987 na John Cristy alipokuwa kampuni ya DuPont kule Marekani, ikatolewa bure kwa watu wote mwaka 1990. Tovuti nyingi duniani zinaitumia kupunguza picha bila wewe kujua. Andika:

pkg install imagemagick

Kubali kwa y. Ikimaliza, usikimbilie kwenye picha. Iulize kwanza:

magick -version

Ikikujibu mistari inayoanza na neno Version na namba, ipo na inafanya kazi. Swali hili la toleo ndilo kipimo cha programu yoyote ya amri. Usianze kazi kabla hujalijibiwa. Likigoma, shida iko kwenye kuweka, na huna haja ya kuhangaika na picha bado.

HATUA YA 5: TENGENEZA FOLDA YA MAZOEZI

Sasa sikia vizuri, hapa kuna hasara ya kweli. Ndani ya ImageMagick kuna amri inaitwa mogrify. Kwa kawaida yake, mogrify inaandika juu ya picha ile ile uliyoipa. Yaani picha ya asili inapotea, inabaki ndogo. Hakuna pa kuirudisha. Chukulia umepiga picha mzigo, mzigo umeshauzwa, halafu mteja mkubwa anataka picha kubwa za kuchapisha bango. Huna tena.

Kwa hiyo tunafanya mambo mawili ya kujikinga: tunatumia nakala, na tunaiambia programu iweke picha ndogo kwenye folda nyingine. Andika:

mkdir -p ~/storage/pictures/bidhaa/ndogo

Hiyo imetengeneza folda ya bidhaa ndani ya Pictures, na ndani yake folda ya ndogo. Sasa toka Termux, fungua programu ya mafaili ya simu, nakili picha tano tu za majaribio uzibandike kwenye folda ya bidhaa. Chagua kunakili, usichague kuhamisha. Rudi Termux:

cd ~/storage/pictures/bidhaa

ls

Neno cd ni la kuingia kwenye folda. Ukiona majina ya picha zako tano, uko mahali pake. Angalia pia mwisho wa majina: ni .jpg, .JPG, .jpeg au .png? Kumbuka jibu, utalihitaji sasa hivi.

HATUA YA 6: AMRI YENYEWE

Iandike yote kwenye mstari mmoja, ndipo ubonyeze Enter:

magick mogrify -path ndogo -auto-orient -strip -resize "1080x1080>" -quality 80 *.jpg

Tuichambue ili usiwe unakariri tu.

-path ndogo: matokeo yaweke kwenye folda ya ndogo. Hiki ndicho kipande kinacholinda picha zako za asili. Usikisahau hata siku moja.

-auto-orient: picha uliyopiga simu ikiwa imesimama isije ikalala.

-strip: futa maelezo yaliyofichwa ndani ya picha, pamoja na mahali ilipopigwa. Ikae baada ya -auto-orient, maana hiyo inahitaji kuyasoma maelezo hayo kwanza.

-resize "1080x1080>": punguza mpaka upande mrefu uwe pikseli 1080. Alama ya > inasema ile ambayo tayari ni ndogo iache ilivyo. Alama za nukuu zinazoizunguka ni za lazima. Ukiziacha, Termux inadhani unataka kuandika matokeo kwenye faili lingine.

-quality 80: ubora wa 80 kwa 100. Kwa nguo, viatu na vyakula, macho ya mteja hayatambui tofauti. Ukiuza vito au kazi ya ushonaji wenye nakshi ndogo, weka 90.

*.jpg: chukua picha zote zinazoishia na .jpg. Kama zako zinaishia na .JPG, andika hivyo hivyo kwa herufi kubwa.

Ikimaliza vizuri haisemi kitu. Inarudisha alama ya dola tu. Watu wanadhani imegoma, kumbe ukimya ndiyo jibu la ndiyo. Hakikisha:

ls -lh ndogo

Utaona kila picha na ukubwa wake mpya. Fungua moja kwa programu ya mafaili uitazame. Zisipoonekana kwenye Gallery mara moja usishtuke, Gallery inachelewa kuzisoma. Ukiridhika na zile tano, ndipo ulete mzigo mzima.

Ukitaka picha zote ziwe mraba wenye kingo nyeupe ili katalogi yako ipendeze, tumia hii badala yake:

magick mogrify -path ndogo -auto-orient -strip -resize "1080x1080>" -background white -gravity center -extent 1080x1080 -quality 80 *.jpg

KWA WENYE LAPTOPU YA WINDOWS

Ukiweka ImageMagick kutoka imagemagick.org, kuna mahali pa kuweka tiki pameandikwa Add application directory to your system path. Iache tiki iwepo. Watu wanaitoa au hawaisomi, halafu wakiandika magick wanajibiwa kwamba neno hilo is not recognized.

Maana yake nini? Ngamiani kwetu mitaa inaitwa kwa namba: Barabara ya Kwanza, ya Pili, na kuendelea. Ukimpa kijana wa boda mzigo ukamwambia tu mpelekee fundi cherehani, bila kumtajia barabara, atazunguka barabara anazozijua yeye. Kama fundi yuko barabara ambayo haimo kichwani mwake, atarudi na mzigo akuambie hayupo. Fundi yupo, boda hajui pa kumtafuta. Kompyuta nayo ina orodha ya folda inazozitafuta programu, inaitwa PATH. Ile tiki inaongeza folda ya ImageMagick kwenye orodha hiyo.

Kitu cha pili: skrini nyeusi inasoma orodha hiyo mara moja tu, inapofunguliwa. Kama ulikuwa umeifungua kabla ya kuweka programu, haina habari. Ifunge, fungua mpya, andika magick -version. Hilo tu linatibu malalamiko mengi. Ikigoma bado, endesha upya faili la kuweka programu na uhakikishe tiki ipo.

Kuingia kwenye folda ya picha, ifungue kawaida, bonyeza kwenye ule upau wa juu wenye jina la folda, futa, andika cmd, Enter. Skrini nyeusi itafunguka ikiwa tayari ndani ya folda hiyo. Andika mkdir ndogo, kisha amri yetu ya juu kama ilivyo.

Angalizo: masomo mengi ya zamani mtandaoni yanatumia neno convert. Kwenye Windows neno hilo ni la kifaa kingine kabisa kinachohusika na diski. Wewe tumia magick.

MAJIBU YA KIINGEREZA NA MAANA YAKE

Command not found, au is not installed: programu haijawekwa, au umekosea herufi. Termux mara nyingi inakuandikia hapo hapo amri ya kuiweka. Isome.

Permission denied: mlango haujafunguliwa. Rudi hatua ya 3.

No such file or directory: jina la folda au picha si sahihi, au uko folda nyingine. Andika pwd uone uko wapi, kisha ls uone kuna nini.

Unable to open image '*.jpg': hakuna picha inayoishia hivyo hapo ulipo. Angalia kama ni .JPG, .jpeg au .png.

No space left on device: simu imejaa. Ondoa video za zamani kwanza.

UKIMTUMIA MWENZAKO AMRI KWA WHATSAPP

Hapa pana mtego. WhatsApp ikiona nyota mbili inafanya maandishi ya katikati kuwa meusi na kuzimeza zile nyota. Mistari ya chini miwili na mawimbi mawili nayo inayageuza. Baadhi ya kibodi zinageuza alama za nukuu zilizonyooka kuwa za kupinda, na vistari viwili kuwa kistari kimoja kirefu. Mwenzako akinakili, amri inagoma, anasema umemdanganya.

Dawa: zungushia amri alama tatu za ``` mwanzoni na tatu mwishoni. WhatsApp itaiacha kama ilivyo.

Na wewe unayesaidia, usikubali jibu la "haifanyi kazi". Mwambie akutumie picha ya skrini yenye amri aliyoandika na mistari ya mwisho iliyojibiwa. Uliza mambo matatu kwa mpangilio: imekujibu nini ulipoandika -version? Uko folda gani? Ruhusa umeshaipa? Ukipata majibu hayo matatu, umeshajua pa kutibu. Na mwache aandike mwenyewe. Ukimnyang'anya simu ukamfanyia, kesho atakupigia tena.

KITU CHA MWISHO, NA NI KIZITO

Ukishaipa Termux ruhusa ya mafaili, amri yoyote utakayoandika humo inaweza kugusa picha zako zote, za biashara na za familia. Kwa hiyo usibandike amri usiyoielewa, hata kama aliyekutumia anasema ni ya "kumalizia kuweka programu".

Mbili zijue kwa sura. Inayoanza na rm -rf inafuta bila kuuliza, na hakuna pipa la taka la kwenda kuokota. Inayoanza na curl na kuishia na | bash inavuta maandishi kutoka mtandaoni na kuyatekeleza hapo hapo kabla hujayaona. Wapo waaminifu wanaoitumia hiyo ya pili, lakini kama humjui anayekupa, acha.

Na kazi hii ya picha haihitaji namba yako ya siri ya M-Pesa, wala ile namba ya tarakimu 6 ya WhatsApp, wala pesa ya "kufungua programu". ImageMagick na Termux ni bure. Mtu akikuomba chochote kati ya hivyo, huyo hakusaidii.

HIFADHI HII ORODHA

1. Chukua Termux F-Droid.
2. pkg update, kisha pkg upgrade.
3. termux-setup-storage, kubali ruhusa, hakikisha kwa ls ~/storage.
4. pkg install imagemagick, hakikisha kwa magick -version.
5. Folda ya bidhaa, folda ya ndogo, nakala za picha tano.
6. Amri yenye -path ndogo. Angalia matokeo. Kisha mzigo wote.

Ukizikamilisha mara ya kwanza, hutazirudia tena. Siku nyingine mzigo ukiingia ni kunakili picha, kuingia kwenye folda na kuandika mstari mmoja. Halafu unarudi kwenye kazi inayokuingizia hela: kujibu wateja na kupeleka oda stendi kabla basi la Dar halijaondoka.

Umekwama hatua ipi? Andika namba ya hatua na mistari ya mwisho uliyojibiwa, tutaangalia pamoja. Mtumie na mwenzako anayelalamika simu imejaa picha.